Nilivyobebwa kwa Kipoyi Nikiwa Mzima

Aibu hii sijawahi kuwasimulia watoto wangu, lakini ninyi ni wenzangu, na kwa kuwa wengi mlinicheka wakati ule bila kujua habari yote, heri muisikie kwangu mwenyewe.

Pale Kingi tulikuwa na chama cha kipoyi, yaani wanaume wa kilima kimoja tuliopeana zamu, wanne wanne, kubeba wagonjwa kwa kipoyi, kile kitanda cha mianzi, mpaka hospitali ya Masisi. Mimi nilikuwa mkubwa wa chama. (Walinichagua baada ya wao kumbeba mke wangu, ambaye hakurudi hai; tangu siku ile sikukosa zamu hata moja, wakaona huyu ndiye mtu.) Nami nikaleta sheria yangu: mbebaji akituma neno kwamba anaumwa, naye abebwe mpaka hospitali siku hiyohiyo, ili uvivu ujulikane.

Asubuhi moja ya zamu yangu mvua ilinyesha, njia ikawa matope matupu, na mwenye homa alikuwa Papa Bauma, mtu anayeingia nyumbani mwake kwa ubavu. Nikajifunika blanketi, nikamtuma jirani amwambie Zakaria, msaidizi wangu, kwamba tumbo limenikamata. Neno dogo hilo tu, kisha nikageukia ukuta nikalala vizuri.

Mchana wakafika wenzangu watatu wa zamu, matope mpaka magotini. Walikuwa wamembeba Bauma bila mimi na kurudi.

"Papa Luka, panda," Zakaria akasema.

"Kaka, sasa iko afadhali."

"Njo vile wagonjwa wanasemaka. Sheria ni yako."

Nikapanda, maana kukataa kulikuwa kukiri, nikajiambia nitapona taratibu njiani. Lakini kila nilipotaka kupona tulikutana na mtu. Mama mmoja alitua mzigo wake wa viazi akaanza kuniombea, ikabidi nigune kidogo ili maombi yake yasipotee bure, na niliposikia wale watatu wakihema chini yangu kwenye mpando nikaguna kweli.

Hospitalini vitanda vilikuwa vimejaa. Papa Bauma aliponiona akajikokota, akitetemeka kwa homa, akashuka kitandani.

"Mukubwa wetu alale hapa," akasema. "Mimi nitakaa chini."

Hapo tumbo likaniuma kweli. Nikashuka kwenye kipoyi, nikasimama katikati ya wagonjwa nikasema, kwa sauti ya kusikika, kwamba mimi ni mzima, niliogopa matope na uzito wa Papa Bauma. Kisha Bauma mwenyewe akacheka mpaka akakohoa, akarudi kitandani haraka kabla sijabadili maneno.

Nikamwambia Zakaria achukue ukubwa wa chama, mimi sistahili.

"Nitauchukua," akasema, wala hakunibembeleza. "Lakini kwa zamu utabaki. Sasa beba kipoyi, sisi tumechoka."

Nikakibeba peke yangu mpaka Kingi, wao nyuma yangu wakipiga hadithi.

Tangu hapo, mvua ikinyesha siku ya zamu yangu, sitoi habari za tumbo. Nafika, nasema mbele ya wenzangu kwamba leo naogopa matope. Wananicheka, nao wanakiri kwamba wanayaogopa pia, kisha tunainua kipoyi tunakwenda.