Mwajuma, fundi wa Chuno aliyeuamsha mshale wa mjomba

Saa mbili asubuhi, kinachoonekana cha Mwajuma Amiri ni miguu tu, imevaa kandambili za bluu na imechomoza chini ya pikapu kuukuu katika gereji moja ya Chuno, mjini Mtwara. Sauti yake, hata hivyo, inafika mpaka barabarani.

"Kaka Jumanne, washa switchi! Usipige stata, switchi tu. Mshale unasemaje?"

"Umelala, fundi," anajibu mwenye gari, Jumanne Fadhili, aliyeketi kwenye usukani. "Umelala vilevile kama mwaka jana."

Mshale huo ni wa geji ya mafuta. Tangi limejaa dizeli, lakini geji inaapa kwamba halina hata tone. Jumanne ni mkulima wa korosho wa Nanyamba ambaye pia hufuata samaki Msimbati na kuwauza kijijini kwao. Amekuwa akipima mafuta kwa kugonga tangi na kusikiliza, kama mtu anayechagua tikiti sokoni.

Mwaka mzima watu walimcheka, naye akacheka nao. Leo hacheki. Kesho mpwa wake Yassini anatoka jandoni, na kwa desturi ya kwao mjomba ndiye anayemrudisha mtoto nyumbani, ngoma na vigelegele vikimpokea. Mwaka jana Jumanne alikwenda kumchukua kaka mkubwa wa Yassini, dizeli ikakata njiani, na mwali huyo wa jando akamaliza safari akisukuma gari, nguo mpya zikiwa mwilini.

"Dada yangu Latifa amenipa neno moja," anasema. "Amesema, 'Wa kwanza alisukuma, wa pili hasukumi. Nitakodi gari la watu, na wewe mjomba utapanda nyuma kama mgeni mwalikwa.' Sasa uso wangu nitauweka wapi?"

Chini ya gari, Mwajuma anaangua kicheko. Ana miaka thelathini na sita, na kazi yake ni umeme wa magari tu: taa, honi, stata, geji. Alianza kwa kuuza uji hapohapo gerejini. Mafundi wakimwomba awashikie tochi, alikuwa akisahau kurudi kwenye uji.

"Uji ukawa unaungua," anasema. "Sufuria liko motoni, mimi niko kwenye nyaya. Nikaona nichague kimoja, maana wateja wa uji hawana subira."

Siku nzuri hurudi nyumbani na shilingi elfu thelathini. Siku mbaya hurudi na mikono myeusi. Uji hajautamani tena.

Fundi mwingine alishamshauri Jumanne anunue geji mpya. Akanunua, na mshale mpya nao ukalala. Mwajuma hataki habari ya kununua kitu kabla ya kupima. Anachomoa waya unaotoka kwenye boya la tangini, linalopima mafuta, na kuugusisha kwenye chuma kitupu cha chasisi.

"Umepanda!" Jumanne anapiga kelele. "Fundi, umepanda mpaka juu kabisa!"

"Basi geji nzima, na waya mzima. Mwenye makosa yuko huku tangini."

Anahamia kwenye waya mwembamba unaounganisha tangi na bodi, na kuukwangua kwa kisu. Anatambaa kutoka nje na kumtazama mwenye gari.

"Kaka, umepaka nini huku chini?"

Jumanne anainamisha kichwa. Amepaka mafuta ya maganda ya korosho, yale meusi ambayo kijijini kwao hupakwa kwenye nguzo za nyumba ili zisiliwe na mchwa. Maji ya chumvi ya samaki yalianza kula bodi, naye akaona dawa ya nguzo haiwezi kushindwa na kutu. Alishusha tangi, akapaka kila chuma, hata pale waya huo unapofungwa. Mafuta yakakauka yakawa gamba, na umeme wa boya ukakosa njia ya kurudi.

"Kwani mchwa wanakula gari?" anauliza Mwajuma, na gereji nzima inavunjika mbavu.

"Lakini kutu iko wapi? Tazama mwenyewe!" anajitetea Jumanne. Na kwa kweli, kutu haipo.

Kipande cha msasa, spana moja, bolti linarudi kwenye chuma kinachong'aa. Switchi inawashwa. Mshale unajivutavuta, unainuka, unapita nusu na kutulia juu. Jumanne anashuka na kucheza sindimba peke yake katikati ya gereji, na mimi niliyekuja na kalamu najikuta nampigia makofi.

Kesho yake mchana simu ya Mwajuma inaita. Ni Latifa, dada yake Jumanne, na nyuma yake ngoma inarindima.

"Fundi, gari imefika! Yassini kashuka kama bwana harusi! Na huyu mjomba hatupumzishi, kila mgeni anamvuta akaone mshale. Sema, tukuletee nini? Korosho?"

Mwajuma anacheka na kuweka spana chini. Kwao walizaliwa wasichana watupu, watano. Mwanawe Shafii anaingia jandoni mwakani, na hana mjomba wa kumtoa. Jambo hilo, ananiambia baadaye, limekuwa likimuuma asimwambie mtu.

"Korosho sitaki, dada," anasema. "Mwakani niazimeni mjomba."

Latifa anapaza sauti kumwita kaka yake na kumweleza. Ngoma inaendelea kidogo, kisha sauti ya Jumanne inaingia kwenye simu, imekauka kwa kuimba.

"Fundi, mwambie huyo mpwa wangu asikubali kupanda gari la mtu mwingine."

Mwajuma anafuta macho kwa kiwiko, maana viganja vina grisi. Mwakani, anasema, gereji atafunga siku nzima.