Mama Hakuja Kwangu

Ipo siku moja ninayoikumbuka, mwanangu, kuliko hata ile tuliyomzika mama yangu. Siku ya maziko nilikuwa kama mtu aliyelala huku anatembea. Watu walinishika mkono, wakanionyesha pa kusimama, nikasimama. Lakini siku ninayotaka kukuambia nilikuwa na akili zangu zote, na ndiyo maana imenikaa mpaka leo.

Wakati huo nilikuwa kijana, sijaolewa, nashona nguo mjini Kisumu na kupanga chumba Migosi. Mama alikuwa ameugua kwa muda mrefu nyumbani kwetu Kisian, na mimi ndiye niliyemuuguza. Kila Ijumaa nilifunga cherehani mapema, nikaenda kumwosha, kumpaka mafuta na kumkanda miguu. Wajukuu walimwita Dani, kama tunavyowaita nyanya zetu huku. Mimi nilimwita Mama tu. Na nikimwita, aliitika "Ee, mama," kwa sauti ya chini, hata maumivu yakiwa yamemzidi.

Alipokufa, hilo ndilo lililonitesa. Ningekuwa nashona, sindano inichome kidole, nikasema "Mama!" kama tunavyosema sote tukishtuka. Halafu mguu ukasimama juu ya kanyagio la cherehani. Neno lilikuwepo, mtu wa kuliitika hakuwepo.

Sasa huku kwetu, mwanangu, tunaamini kwamba mtu aliyependwa anaweza kurudi ndotoni kuomba jina lake lipewe mtoto aliyezaliwa. Sisi ni watu wa kanisa, na mchungaji wetu hakuzipenda sana habari hizo, ingawa hata yeye alibeba jina la babu yake lililokuja kwa njia hiyo hiyo. Basi nikawa namngoja Mama. Nililala mapema kama mtu anayetarajia mgeni. Kitambaa chake cha kichwa nilikiweka chini ya mto wangu. Niliota mambo ya nguo, niliota mvua, niliota hata mbwa wa jirani. Mama hakuja.

Kaka yangu Ouma alikuwa ameoa msichana wa Kibukusu kutoka upande wa Bungoma, jina lake Nafula. Walikaa mtaa wa Obunga, huko huko Kisumu, na Nafula alikaanga mgongo wazi, ile mifupa ya samaki mbuta inayobaki kiwandani baada ya minofu kukatwa. Alikuwa mgeni kwetu, hakujua Dholuo, lugha yetu, na Mama hakujua Kibukusu. Kwa hiyo wawili hao waliongea Kiswahili, Mama akikivunja vunja, Nafula akicheka na kumsaidia. Mama alipokufa, Nafula alikuwa na mimba. Akajifungua msichana, na yule mtoto akawa analia. Analia asubuhi, analia jioni, ananyonya na kulia tena. Kliniki walimpima, wakasema hana ugonjwa, na huku kwetu mtoto wa namna hiyo husemwa analilia jina.

Siku hiyo ninayokuambia ilikuwa Jumamosi. Nilikuwa Kisian na mama mdogo Rispa, mdogo wake Mama, tunapeta njugu uani. Ouma akaingia na mkewe, mtoto mgongoni, analia. Hata hawakukaa vizuri, Nafula akasema, "Wifi, nimemwota Mama."

Ungo ulitulia mikononi mwangu.

"Alikuja kwa nyumba yetu pale Obunga," akasema. "Akasimama mlangoni, akaniambia, 'Nafula, mtoto nalia na wewe naangalia tu? Lete yeye.' Nikampa. Akamweka begani, akampigapiga mgongo. Nikaamka."

Ouma akasema, "Tunataka kumpa mtoto jina lake. Anyango. Lakini wewe ndiye ulikaa na Mama mpaka mwisho. Hatuwezi kufanya bila wewe."

Mwanangu, ningefurahi. Nilitaka kufurahi. Lakini niliuweka ungo chini. Nikamuuliza Nafula, "Aliniulizia mimi?"

Akaniangalia, akaona ninavyotaka kusikia. "Hapana, wifi," akasema taratibu. "Hakutaja mtu. Alitaka mtoto tu."

Nikamwambia Ouma wangoje. Nikasema jina la Mama si la kupewa haraka haraka, na kwamba kama angekuja, angekuja kwanza kwa watu wake. Nilisema hivyo, "watu wake," na Nafula amesimama pale. Aligeuka. Akamfunga mtoto vizuri mgongoni. Ouma akasema, "Sawa. Kama hutaki, mtoto atachukua jina la kwao Nafula. Lakini hilo la Mama usitarajie tulirudie tena." Wakaondoka, na kilio cha mtoto kikawafuata mpaka barabarani.

Mama mdogo Rispa aliendelea kupeta. Hakuwa mtu wa kelele. Alimaliza ungo wake, akapuliza maganda, ndipo akaniita.

"Awuor, kuja hapa."

Nikaenda, nikakaa karibu na miguu yake.

"Huyo mtu alikufa ni nani wako?"

"Ni mama yangu."

"Ni mama yako, ndiyo. Kwangu iko nini?"

"Ni dada yako."

"Mimi nilijua yeye kabla wewe uzaliwe. Tulilala kwa mkeka moja. Tulibeba maji pamoja, yeye nachukua mtungi kubwa ndio mimi nisichoke. Unafikiri mimi singoji?" Akakung'uta maganda mikononi. "Kila siku nangoja. Hata kwangu hajakuja, Awuor. Hata mara moja."

Sikuwa nimewaza hilo. Katika kilio changu chote sikuwahi kumwona yule mzee aliyekaa kando yangu, akimlilia mtu yule yule.

"Wewe alikupa miaka mingi," akaendelea. "Alikunyonyesha, alikusomesha, ulishika mkono yake akienda. Huyo Nafula alipata yeye kidogo tu. Na huyo mtoto hajapata hata kidogo. Sasa mama akienda kwa ule hana, wewe nakasirika? Mama ndio hufanya hivyo. Hata mukiwa wadogo, alikuwa nabeba ule nalia."

Nilikaa nikatazama njugu. Halafu nikakumbuka jibu la Nafula. Alikuwa ameniona nilivyokuwa na njaa ya neno moja tu. Angeniambia Mama alikutaja, Mama alikusalimia, ningelia kwa furaha na kumpa jina pale pale. Mwongo angesema hivyo. Yeye alisema hapana. Nikajua kwamba ndoto ile ilikuwa ya kweli, au angalau mtu aliyeisimulia alikuwa wa kweli, na kwangu hilo lilitosha.

Kesho yake baada ya kanisa nilikwenda Obunga. Nilimkuta Nafula kwenye karai lake la mafuta, moshi unamwingia machoni, mtoto analia mgongoni. Watu walikuwa wamezunguka wakingoja samaki. Nilijua nililokwenda kusema, nilikuwa nimelipanga njia nzima, lakini nilipofika likapotea lote.

"Nafula, nisamehe kwa jana," nikasema. "Wewe ni mtu wake."

Alipangusa mikono kwenye leso, akamfungua mtoto, akanipa. "Basi mwite wewe kwanza, wifi. Jina ni la kwenu."

Nikamshika. Alikuwa mwepesi na wa moto kwa kulia. Nikafungua mdomo niseme Anyango, nikashindwa. Kwani mimi maisha yangu yote nilikuwa nimemwita mama yangu kwa jina? Hata siku moja. Likatoka lile ninalolijua.

"Mama," nikasema.

Mtoto alinyamaza, akanitazama. Wateja wa Nafula nao wakageuka. Mimi ndiye niliyelia sasa, mbele ya watu, na Nafula akanikumbatia pamoja na mtoto, mikono yake inanuka mafuta ya samaki. Sitaki kukudanganya, mwanangu: jioni mtoto alilia tena kidogo, kama watoto wote. Sijui kama ni jina lililomtuliza au ni mikono mipya. Lakini kile kilio cha kutwa nzima hakikurudi.

Huyo mtoto leo ni mama wa watoto. Hafanani na mama yangu hata kidogo. Ni mrefu kama wajomba zake wa Bungoma, anacheka kwa sauti, na chai yake ina sukari nyingi mno. Mama yangu hakurudi kwa njia hiyo, na sikutarajia. Bado namkosa. Namkosa nikiwa na jambo la kuchekesha na sina wa kumwambia kwa namna yetu. Mama mdogo Rispa alikufa akiwa hajamwota, na mimi nimezeeka sijamwota. Lakini nikimpigia Anyango simu, nasema, "Mama, habari ya huko?" naye anaitika.

Basi nisikilize, mwanangu. Mtu unayempenda akifa, usijenge ua kuzunguka kumbukumbu yake ukakaa ndani peke yako. Uliza na wengine walimjua vipi. Wako watu waliopewa upande wake ambao wewe hukuuona, na wakikusimulia, utakuwa umempata tena kidogo. Usipime nani alimpenda zaidi kwa machozi wala kwa ndoto. Na ukiwa na mzee anayelia kimya kando yako, mgeukie. Mama wa mtu ni dada wa mtu, ni nyanya wa mtu, ni rafiki wa mtu. Lieni pamoja.

Mungu akutunze. Akupe watu wa kuwaita, na watu wa kukuitika. Na siku yako ya huzuni ikifika, kwa maana itafika, isikukute peke yako.