Kutu Haikuwa na Mrithi

Kuna siku moja hainitoki kichwani, mwanangu: siku landrova ya marehemu baba ilipowaka tena uani kwetu Mlali.

Wazazi wetu walipofariki niliacha shule ili niwalee wadogo zangu. Gari lilikuwa limekaa juu ya mawe, kuku wakitagia kwenye kiti cha dereva. Baba alikuwa akilitumia kushusha kabichi kutoka milimani Mgeta, nami nilitaka kazi hiyohiyo, wadogo zangu wasome. Nilikwangua kutu kwa msasa hadi vidole vikaota sugu. Giaboksi niliifungua kwa maelekezo ya fundi wa mjini. Shangazi, dada yake baba, akipita alicheka: "We Zena, utaolewa na hilo bati?"

Mjomba wangu, kaka yake mama, ndiye aliyenionya.

"Hilo gari la nani?"

"La baba."

"Baba yako ana ukoo wake. Waite wakae, waseme mbele za watu, ndipo ushike spana."

"Mjomba, nani atataka kutu?"

Kwetu Waluguru, mali ya mwanamume ina macho ya watoto wa dada yake, ndio warithi. Nilijua. Nilidhani tu kutu haina mrithi.

Gari lilipowaka, wiki haikuisha. Shangazi akaja na mwanawe.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Umefanya vizuri kumtunzia mwenzio gari la mjomba wake."

Ukoo wa baba ulikaa palepale uani. Mjomba alinitetea mpaka sauti ikamkauka. Wakaniuliza, nani alishuhudia ukipewa? Sikuwa na mtu. Enzi za kutu hawakukaa hata kikao kimoja! Gari likaondoka likinguruma, na mdogo wangu anayenifuata akaacha shule mwaka uleule, akaenda kubeba viazi Mgeta. Mgongo wake umepinda hadi leo. Hilo sijalisamehe, na sitakudanganya kwamba nimelisamehe.

Juzi nilipita Kinole anakoishi binamu. Gari liko juu ya mawe. Kuku wanatagia tena humo.

Basi mwanangu, kitu cha marehemu usikiguse kabla ukoo haujakaa. Waite kingali bati, waseme ni cha nani wakati bado wanakicheka. Usingoje jasho lako likusemee, halina sauti kikaoni.

Mungu aibariki mikono yako, na kile itakachokifufua akuachie wewe.