Mikono ya fundi

Fundi anayetufundisha kushona hatulii. Anazunguka kati ya vyerehani, mikono ameifumbata nyuma, vidole vikichezacheza kama vinamuwasha. Ukimuuliza swali, anakurudishia swali. Leo mkono wa kulia wa shati nimeushona kushoto.

“Fundi, nionyeshe tu! Mume kanifukuza, nataka kazi, sitaki mafumbo.”

Mkono wake ukaruka kuelekea kitambaa, akaudaka kwa ule mwingine.

“Mkono wako mwenyewe unakunjika kuelekea wapi, mama?”

Nikakunja wangu, ukaja mbele; wa shati ulielekea nyuma. Nikaanza kufumua kwa hasira. Mume wangu alinifanyia kila kitu, kisha akaniita mjinga. Huyu alisimama pale jasho likimtoka, asiguse hata uzi. Mkono ulipokaa sawa, akashusha pumzi.

“Umejuaje?”

“Niache, fundi. Nashona wa pili.”