Bega Langu na Mdomo wa Pascal

Juzi, kwenye televisheni ya saluni yetu pale Albert Park, niliona kocha wa besiboli akimfuata mrushaji wake na kumchukulia mpira ili mkono upumzike. Nilikasirika mpaka mteja akaniuliza nina nini.

Utotoni nami nilikuwa mrushaji, kule mtaa wa Glenwood, tulipokuwa tumehamia nchi hii karibuni. Mchana ule majani mabichi yalinuka na bega liliwaka moto. Kocha Derek akaja, akachukua mpira, akauliza kitu. Kiingereza sikuwa nacho, nikamwambia kaka yangu mkubwa Pascal, ambaye kwetu tunamwita yaya: "Yaya, mwambie bega iko inauma, nipumzike."

Pascal akasema naye. Derek akanirudishia mpira. Nikafikiri basi, kuumia ndiyo kazi yenyewe. Nikarusha mpaka kitu kikalia begani kama kuni kavu zinapovunjika.

Maneno ya Pascal yalinibaki masikioni. Maana yake niliijua nilipojifunza Kiingereza. Alisema, "Anataka kuendelea." Wazungu waliotafuta wachezaji wa kupeleka Amerika walikuwa wanatazama siku ile. Na Derek aliyaona machozi yangu, bado akanirudishia mpira.

Sasa ninasuka wateja wakiwa wamekaa chini sakafuni, sababu mkono wa kulia haupandi. Pascal akija kunisalimia, ninampa wa kushoto.