Gauni Nililoshonewa Mwilini

Nilikaa kwenye kiti cha bibi harusi kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa kumi jioni, na sikuwa naolewa. Mimi kazi yangu ni kupamba. Vitambaa, maua, taa, jukwaa wanalokaa maharusi, hayo ndiyo ninayoyajua, na duka langu liko Korogwe. Siku hiyo nilikuwa Handeni kwenye maonyesho ya harusi. Watu wa biashara za harusi tunakusanyika kwenye ukumbi mmoja, kila mtu na meza yake, halafu wachumba wanapita na mama zao na wenyeviti wa kamati zao. Wanaonja, wanashikashika, wanauliza bei, wanasema watapiga simu, wanakwenda zao.

Binti niliyemkodi akae kwenye jukwaa langu hakutokea, na simu yake haikupatikana. Jukwaa tupu halimshawishi mtu. Jirani yangu wa meza ya kulia, mama anayekodisha magauni, naye alikuwa amemtegemea binti huyohuyo avae gauni lake jipya. Akanitazama toka juu mpaka chini.

"Si wewe mwenyewe upo," akasema.

Nikamwambia mimi ni fundi, si sanamu la dukani. Akaniuliza nimekuja Handeni kutafuta wateja au kutafuta heshima. Nikalichukua gauni.

Gauni lilikuwa dogo. Zipu ilipanda hadi katikati ya mgongo ikagoma, na tulipoilazimisha ikaachia meno. Mama wa magauni hakushtuka hata kidogo. Alichukua sindano na uzi mnene mweupe akanishona humohumo, toka kiunoni mpaka karibu na shingo, huku akiniamuru nivute pumzi na nisiiachie. Alisema jioni atanifumua. Kumbe nikiinama uzi unakaza, nikicheka unakaza, na chooni nisingeweza kuingia na lile duara la waya lililoinua sketi. Feni ya ukumbi ilikuwa inawapepea watu wa muziki. Wateja walisimama mbele yangu wakinijadili kana kwamba sisikii. Mmoja alisema maua ni mazuri ila bibi harusi kakunja uso.

Nilikuwa nimekunja uso kwa sababu yangu. Wiki tatu kabla ya hapo ililetwa nyumbani barua ya posa kutoka Mpale. Mposaji mwenyewe alikuwa mwalimu, mtu mpole, hanywi, hapigi kelele, na mpaka leo simsemi vibaya. Lakini alitaka nifunge duka nihamie Mpale. Alisema mke wa mwalimu hawezi kushinda kumbi za watu kila Jumamosi na wapiga muziki. Nilimwambia kazi siachi. Akacheka, akasema nitazoea. Wiki iliyofuata nikamwambia tena, akacheka tena. Nyumbani mama alikuwa ameshaikubali barua moyoni mwake. Nilikuwa na miaka thelathini na nne, na mama yangu alikuwa ameanza kuniombea dua kwa sauti ili nisikie. Jibu lilikuwa litoke Jumapili, yaani kesho yake. Nilikuwa nimeamua kukataa, na sikuwa nimemwambia mtu yeyote. Tangu asubuhi nilikuwa narudiarudia maneno nitakayomwambia mama, na kila nilipofika kwenye neno lenyewe nilirudi mwanzo.

Saa saba aliingia shangazi yake mwalimu, yule aliyefuatana na mshenga kuleta barua. Alikuja na kamati ya harusi ya jirani yao kuangalia masufuria ya kukodi. Akaniona. Mimi nimevaa shela, nimekaa kwenye kiti cha dhahabu, nimezungukwa na maua. Hakuuliza chochote. Alipiga vigelegele, na wanawake wa kamati yake wakampokea, kisha wanawake wa meza nyingine ambao hawakujua hata wanamshangilia nani.

"Shikamoo, shangazi," nikasema. "Haya ni maonyesho tu."

"Marahaba, mwanangu. Usione aibu," akasema, akanishika shavu. Kisha akaenda moja kwa moja kwa mshereheshaji aliyekuwa ameshika maikrofoni, akamnong'oneza. Nilitaka kumkimbilia. Nilipojaribu kusimama mama wa magauni alinikandamiza bega, akaniambia nitapasua gauni.

Mshereheshaji yule tumefanya naye harusi nyingi, ananiita dada. Alitangaza kwa furaha ya kweli kwamba dada yetu mpambaji amepata mwenzake, watu wa Mpale wamejibiwa, na kwamba tumeficha, lakini leo siri imetoka.

Hapo lazima nieleze desturi yetu. Mmoja wetu wa kazi hizi akioa au akiolewa, wenzake hawamchangii kwa kadi kama watu wengine. Kila mtu anampa kazi yake bure, na anaitamka kwenye maikrofoni mbele ya watu ili asiweze kugeuka. Mimi mwenyewe nimeshapamba harusi mbili za namna hiyo, na nilipamba kwa moyo wote. Sijawahi kusikia mtu akirudisha ahadi ya maikrofoni. Ni jambo la kukuondolea jina mjini.

Wa kwanza kusimama alikuwa dada mwoka keki kutoka Magoma, ambaye nilikuwa nimefahamiana naye asubuhi ile tu tulipokuwa tunagombania soketi ya umeme. Alisema atatoa keki ya ngazi tano. Mshereheshaji akasema yeye atasherehesha sendofu ya kuniaga nyumbani na harusi yenyewe. Mama wa magauni akasema gauni nililovaa nisilivue moyoni, ni langu siku ya harusi. Kisha akasimama mpishi. Yule mama tulikuwa hatusemeshani tangu aliponimwagia mchuzi kwenye vitambaa vyeupe akasema vilikaa vibaya. Alikuja mbele taratibu akifuta mikono kwenye aproni, akasema, "Pilau ya watu mia mbili, na mbuzi juu." Ukumbi ulilipuka. Shangazi alikuwa analia machozi ya furaha.

Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani. Kila ahadi ilinikaza zaidi ya ule uzi mgongoni. Nilihesabu moyoni: kabla sijafika Korogwe mama atakuwa ameshapigiwa simu, majirani watakuwa wameshakuja kumpongeza, na kesho nikisema hapana nitakuwa namkataa mwalimu, na keki, na mbuzi, na watu wote wale. Nikajiambia ninyamaze tu. Wanawake wengi wamekaa Mpale na hawakufa. Nilishaanza kufikiria nani atanunua vitambaa vyangu.

Kisha mshereheshaji akaniletea maikrofoni nishukuru, kwa kuwa ndivyo inavyokwenda.

Nikasema ahsanteni. Nilitaka kuishia hapo. Lakini mwoka keki, ambaye ni mtu wa kuchekesha, akapaza sauti kwamba mwakani ikiwa zamu yake jukwaa nitampambia mimi, hataki mtu mwingine. Nikajikuta namjibu yeye, si ukumbi.

"Mwakani sitakuwepo," nikasema. "Anayenioa hataki nifanye kazi hii. Hili jukwaa ndilo la mwisho."

Mshereheshaji akasogea kuchukua maikrofoni, nikaivuta.

"Na mimi sitaki kuolewa hivyo," nikasema. "Barua sijaijibu. Nilikuwa naogopa."

Nilidhani watanizomea. Mpishi, aliyekuwa bado amesimama, alinitazama muda mrefu kwa macho yaleyale ya siku ya mchuzi.

"Basi pilau yangu naichukua," akasema. "Na mbuzi wangu abaki bandani."

Mwoka keki akasema na yeye keki anairudisha. Mshereheshaji alisema hajui kusherehesha matanga. Watu wengine walicheka, wengine walisonya na kusema tumekosa adabu, na nadhani wote walikuwa na haki. Mimi nilikuwa nalia, na hata kulia kulinibana.

Shangazi alikuja akasimama mbele ya jukwaa. Hakuwa amekasirika kama nilivyotegemea. Alionekana amechoka.

"Kwa hiyo jibu ndilo hilo?"

"Ndilo hilo, shangazi."

"Mbele za watu."

"Kwa hilo nisamehe. Ningekuja nyumbani."

"Mimi ndiye niliyeileta barua ile kwa mikono yangu," akasema. "Sasa nifike niseme nini?"

Aliwakusanya wanawake wake wakatoka bila kuangalia masufuria. Nimemwonea haya mpaka leo, na sijawahi kupita Mpale tangu siku ile, hata pale nilipopata kazi nzuri ya huko. Mama alikaa siku tisa ananipa chakula bila kunisemesha.

Lakini kusema ukweli hakukunifanya nifumuliwe. Mama wa magauni alisema maonyesho hayajaisha na gauni bado linatafuta wateja, kwa hiyo nilirudi kitini na macho yangu mekundu. Mpishi aliniletea bakuli la pilau akanilisha kwa kijiko, kwa sababu mikono haikupanda. Hakuniomba radhi ya mchuzi wala mimi sikumdai.

Saa kumi mama wa magauni alipitisha mkasi mgongoni akaanza kukata uzi, mshono mmoja mmoja. Alikuwa hajafika katikati simu yangu ilipoita. Alikuwa mwalimu. Mwoka keki alinishikia simu sikioni. Nilijiandaa kwa matusi ambayo hakuwahi kunitukana, na kwa machozi, na kwa maswali kuhusu mwanamume mwingine. Alisema shangazi amempigia, na nyuma yake nilisikia watoto wakicheza. Nikamwambia nilishamwambia mara mbili kwamba kazi siachi.

"Nakumbuka," akasema. "Kumbe ulikuwa hutanii."