Inchi Mbili za Mama

Mpiga picha huyu mwenye duka la kuchapa, mtaani wanamwita Vitone, na jina hilo kajitakia mwenyewe. Ukimpelekea picha uliyotumiwa kwa simu uchapiwe, hata salamu hajaitikia vizuri ameshaanza: "Hii imeundwa kwa vitone vya rangi mia nne kwa mia sita. Karatasi inataka vitone mia tatu kila inchi. Gawanya basi! Unapata inchi moja na theluthi kwa mbili. Nikikutolea ya ukutani, utasema mimi ndiye nimekuharibia." Kuna mjane mmoja alitoka pale analia, na Vitone wala hakushtuka. Roho ngumu ile, acha tu.

Basi mama yake mzazi akafariki. Dada yake mkubwa akaja dukani asubuhi ya mazishi, macho yamevimba.

"Mdogo wangu, ile picha uliyompiga mama kwa kamera yako, anacheka. Itoe kubwa nitangulie nayo mbele ya jeneza. Hana nyingine, unajua alivyokuwa anakimbia kamera."

"Hiyo wala isikutie presha, dada. Ina vitone elfu nne kwa elfu sita. Inchi ishirini inafika bila jasho."

Akafungua kompyuta kwa mbwembwe zake zote. Akasoma namba pembeni ya picha: mia nne kwa mia sita. Akasoma tena, ni zilezile.

Mwaka jana mama alitakiwa kuombewa kadi ya matibabu mtandaoni, na mtandao ukakataa picha kubwa. Vitone akaipunguza hiyohiyo ya kicheko harakaharaka, akabonyeza hifadhi, juu ya ileile, kubwa ikafutika. Nakala hakuweka, yeye anayewafokea wenzake kila siku kwa kosa hilohilo! Na kadi ya kamera aliifuta jioni ya siku ileile, apate nafasi ya harusi ya watu.

Akaivuta mpaka inchi ishirini. Vitone thelathini kwa inchi. Macho ya mama yakawa mabaka mawili, kicheko hakionekani kabisa.

"Mbona huchapi?" dada akauliza.

"Haitoshi."

"Haitoshi vipi, na wewe ndiye uliyempiga?"

"Niliipunguza, dada. Nikaihifadhi juu ya ile nzuri. Nimeiua mwenyewe."

Dada hesabu hizo hazijui, ila hilo alilielewa. Hakumtukana. Afadhali angemtukana.

"Chapa hiyo inayotosha," akasema.

Alasiri dada alitangulia mbele ya jeneza, kashika kwa mikono miwili picha ya inchi mbili. Waliofuata nyuma waliulizana amebeba nini.